Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mwaka wa Matuta

Ndugu wanachama,

Mliponipa uenyekiti mlinipa na sharti: safari zetu zisiwe za kupiga picha kwenye makasri tu. Mwaka huu tumetoka mara tatu, zote hapa hapa Midlands, katikati ya England, zote kutazama mashamba ya kale. Najua wapo waliogoma kutoa nauli "kwenda kuangalia nyasi". Nianze na hao.

Ukipita Northamptonshire au Leicestershire utaona malisho yamejikunja kama bati la paa lililoota majani. Hayo ni matuta ya wakulima wa Zama za Kati. Plau zao zilikuwa na ubao usiogeuzika, unaomwaga udongo kulia tu. Mkulima akizunguka kipande chake kwa mwelekeo wa mishale ya saa, mwaka nenda mwaka rudi, udongo unajikusanya katikati. Tuta linainuka na mfereji unabaki pembeni kutoa maji. Vipande havikuwa na ua. Kila kaya ilikuwa na vyake, kimoja huku kingine kule, ndani ya mashamba makubwa mawili au matatu ya kijiji kizima.

Safari ya kwanza niliiharibu mimi. Niliwasimamisha watu kwenye baridi ya Februari nikihubiri juu ya matuta membamba yaliyonyooka kama rula. Matuta ya namna hiyo kwa kawaida ni ya karne ya 18 au 19. Ya kale ni mapana, tena yamepinda kama herufi S iliyogeuzwa. Aliyeninusuru ni mama mmoja mwanachama wetu, aliyekulia Shinyanga akitangulia mbele ya ng'ombe wa plau. Shamba la pili alisimama karibu na mwisho wa tuta, akakunja mkono kama aliyeshika kamba, akaanza kutembea huku akivutia kushoto. "Mwenyekiti, ng'ombe huwageuzi ukishafika mwisho," akasema. "Unaanza kuwavuta mapema, la sivyo wa mbele wako kwa jirani na plau bado iko kwako." Nilikuwa nimesoma kurasa nyingi kuhusu misururu ya maksai wanane bila kuelewa kwamba kuvuta huko mapema ndiko kulikoyapinda matuta. Sasa yeye ndiye anayeongoza safari. Mimi nabeba chupa za chai.

Laxton, Nottinghamshire, tulikwenda mwishoni mwa Novemba. Huko mfumo wenyewe bado unaendeshwa: mashamba makubwa matatu, ngano, kisha zao la majira ya kuchipua, kisha kupumzisha ardhi. Kila mwaka wazee wa baraza hukagua shamba la ngano, na aliyelima hadi kwenye njia au nyasi za wote hutozwa faini. Wale mliozoea kesi za mipaka huko kwetu mngejisikia nyumbani.

Safari ya tatu, kijiji cha Newton, Northamptonshire, ilikuwa fupi na ya huzuni. Juni 1607 wanakijiji walikusanyika pale kung'oa nyua za wenye ardhi waliogeuza mashamba kuwa malisho ya kondoo. Waliuawa zaidi ya 40. Baadaye kazi ya kuzungushia nyua ikafanywa na Bunge: kati ya 1604 na 1914 zilipitishwa sheria zaidi ya 5,200, zikigusa kiasi cha moja ya tano ya England. Hapa ndipo panaponikera. Nyasi zile zile zilizowafukuza watu ndizo zilizohifadhi matuta yao, kwa sababu hakuna aliyelima tena. Kilichoyafuta mengi ni plau za karne ya 20, hasa tangu Vita vya Pili vya Dunia.

Na bado yanafutwa. Shamba moja tulilopiga picha Februari, nilipolipitia Septemba lilikuwa limesawazishwa kama meza. Mwenyewe hajavunja sheria yoyote, maana sehemu kubwa ya matuta haya haina ulinzi. Utafiti wa 2001 ulichagua vijiji 43 vya Midlands vyenye mabaki bora zaidi. Kuorodheshwa ni jambo moja, kulindwa ni jingine.

Kwa hiyo kamati inapendekeza tuanze kupiga picha mashamba yaliyo jirani na makazi yetu, jua likiwa chini, au theluji nyepesi ikiwa imeyeyuka juu ya matuta na kubaki mifereji. Vijana wetu wameonyesha kwamba ramani za leza zilizopigwa kutoka ndegeni zinapatikana bure kwenye intaneti, na matuta yanaonekana humo waziwazi.

Kuhusu ada, mweka hazina atasema yake. Mimi nasema tu kwamba waliochelewa wanajifahamu. Safari ijayo ni ya Januari. Njooni na mabuti. Aliyekuja Laxton na viatu vya harusi anaombwa asirudie.