Mti wa kivuli usizikwe shingo

Mhariri,

Kila mvua zikianza watu huhimizwa wapande miti, na idadi ya miche hutajwa kwa fahari. Namna ya kuipanda haitajwi. Naomba nafasi nimweleze anayetaka mti wa kivuli uani kwake, kwa kuwa makosa ya siku ile moja aghalabu huonekana baada ya miaka, mti ukiwa umeshakuwa mkubwa.

Kosa kuu ni kuuzamisha mche. Pale shina linapotanuka na kuanza kugawanyika kuwa mizizi ndipo shingo ya mti, na shingo hukaa juu ya ardhi. Gome la shina likifukiwa kwenye unyevu huoza polepole, na mizizi iliyo chini mno hukosa hewa. Mti haufi mara moja. Hudumaa, ncha za matawi hukauka moja moja, na mwenyewe hulaumu mchwa. Ukiona shina limeingia ardhini limenyooka kama nguzo, bila kutanuka, jua shingo imezikwa.

Kwa hiyo shimo liwe pana, si refu. Kwanza kwangua udongo wa juu wa kiriba, yaani mfuko uliooteshewa mche, mpaka uione shingo, maana miche mingi huja imeshafukiwa tangu kitaluni. Ndipo upime: kina cha shimo kilingane na kimo cha bonge la mizizi na udongo wake au kipungue sentimita 2 au 3, upana uwe mara mbili hadi tatu ya bonge. Sakafu ya shimo usiitifue, la sivyo udongo utashuka ukilowa na mche utazama. Kuta zake, hasa kwenye udongo wa mfinyanzi, zikwaruzwe. Zikiwa laini kama chungu mizizi huzunguka humo humo.

Kiriba kitolewe chote. Wapo wanaochana kitako tu, wakidhani mizizi itajitafutia njia! Mizizi iliyojizungusha ikatwe kwa kisu kikali, mikato mitatu au minne ya wima kuzunguka bonge. Ukiiacha haijinyooshi: itanenepa, shina nalo litanenepa, mwishowe mti ujinyonge wenyewe.

Najua nitapingwa kuhusu samadi. Mbichi huunguza mizizi. Hata iliyoiva, ikijazwa shimoni huendelea kuoza na kupungua, udongo ukashuka na mti ukashuka nao. Rudishia udongo uleule uliotoka, ushindilie kidogo kwa mikono, kisha mwagia lita 10 hadi 20 ili mapengo ya hewa yazibwe. Samadi iliyoiva itandazwe juu. Juu yake weka matandazo ya nyasi kavu au majani, unene wa sentimita 5 hadi 10, yakae mbali na shina kiasi cha kiganja. Kuyarundika shinani ni kuizika shingo kwa njia nyingine.

Kigingi si lazima. Mche usioweza kusimama wenyewe ufungwe kwa kitambaa kilicholegea, kwani kuyumba kidogo ndiko kunakoimarisha shina; baada ya mwaka fungua.

Kuhusu mahali, upande wa magharibi wa nyumba ndio unaokinga jua kali la alasiri. Mti utakaokuwa mkubwa uwe angalau mita 6 kutoka ukutani, na mbali zaidi na shimo la maji taka, usiwe chini ya nyaya za umeme. Mizizi mingi hutambaa ndani ya sentimita 60 za juu za udongo na huvuka mbali mwisho wa matawi. Jamii ya mikuyu isipandwe kabisa karibu na mabomba.

Aliyekwisha kuzika shingo asikate tamaa. Mche wa mwaka huu ung'olewe na bonge lake, upandishwe. Ulioshika mizizi uondolewe udongo kidogo kidogo kwa mkono, si jembe, mpaka mizizi mikuu ya kwanza ionekane.

Mtunza bustani