Nahitaji mtahini mwenye jicho kali

Swahiba,

Salaam nyingi. Za siku tele? Sisi wazima, ila tumezama kwenye kusahihisha mitihani. Kimya changu utanigombeza tukionana, kwanza nisikilize.

Nina mwanafunzi wa uzamili kwenye mlinganyo wa joto, ule unaoeleza joto linavyosambaa. Ana bidii, lakini anaiamini kompyuta kuliko anavyoniamini mimi. Juzi kaniletea matokeo ya ufito wa chuma unaopoa, ncha zote mbili zikiwa sifuri. Alitaka usahihi zaidi, akapunguza umbali kati ya nukta anazokokotolea joto ukawa nusu, hatua ya muda akaiacha vilevile. Nukta ya katikati ikasoma 40, kisha hasi 210, kisha 1,130, kisha hasi 6,100. Ufito unaopoa! Nikamuuliza joto hilo limetoka wapi. "Labda tuongeze nukta, Profesa."

Nilicheka, halafu nikaudhika. Kwa njia ile rahisi, ya kukokotoa joto la hatua ijayo moja kwa moja kutoka la sasa, umbali ukiugawa kwa mbili, muda huna budi kuugawa kwa nne. Kazi inakuwa mara nane, hapo hakuna njia ya mkato. Wanahisabati Courant, Friedrichs na Lewy waliandika juu ya hatua za muda na nafasi mwaka 1928, kompyuta za kielektroniki hazijakuwapo! Nikamwelekeza kwenye njia ya Crank na Nicolson ya 1947, ambayo hailipuki hata hatua ya muda ikiwa kubwa. Sasa anadhani amepata dawa ya kila kitu, eti achukue hatua kubwa anavyotaka. Mwambie wewe jinsi majibu yanavyoyumba pale joto la mwanzo linaporuka ghafla. Mimi nimechoka kusema.

Na wakubwa huku wanataka kupunguza saa za nadharia, kwa kuwa "programu zipo". Programu haikulalamika hata kidogo, swahiba. Ilimchorea grafu ya rangi nzuri kabisa ya ule upuuzi.

Ndiyo maana nakuomba uwe mtahini wake wa nje. Lugha usihangaike nayo, mbane kwenye uthabiti, yaani makosa madogo yasikue hadi kuharibu jibu.

Utapata nafasi? Lile zoezi lako la nukta tano, la kukokotoa kwa penseli, bado unalo? Yule Mrefu bado anaikataa Python, ile lugha ya kuandikia programu? Matriksi zako zimefikia wapi, au bado unasubiri zamu kwenye ile mashine kubwa? Na mama, goti linaendeleaje?

Wako,
Yuleyule wa safu ya nyuma