Wajumbe wa bodi ya maktaba tuwajue jamani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongelee watu ambao wengi wetu hatuwajui kabisa, wajumbe wa bodi ya maktaba ya umma. Mimi ni mwanachama miaka mingi tu na sikuwahi kujua kama kuna bodi, nilikuwa namjua dada wa kaunta anayegonga muhuri wa tarehe ya kurudisha, kwa hiyo kila kitu kikienda vibaya namlalamikia yeye, wakati hana mamlaka hata ya kusogeza saa ya kufunga mlango.

Mjumbe mmoja wa bodi hiyo nimemjua sababu ya faini. Mwanangu alichelewesha vitabu viwili, faini ikapanda, akaona aibu akaacha kwenda. Nikaambiwa suala hilo ni la bodi na kikao kiko wazi, nenda. Nikaenda, viti vya wananchi vyote vitupu, niko peke yangu. Kikao kilipoisha mjumbe huyo, mama mmoja mtu mzima, akavuta kiti akakaa karibu yangu, akafungua daftari lake lenye kurasa zilizojikunja pembeni, yaani mimi nimekuja na maswali yeye ndo ananiuliza, mtoto anapenda kusoma nini, alikuwa anakuja saa ngapi, mara ya mwisho lini, na anaandika. Sijawahi kusikilizwa hivo kwenye ofisi yoyote.

Akanieleza kazi yao. Bodi inapitisha bajeti, inaajiri mkutubi mkuu na kupima kazi yake, inaweka sera za faini na saa za kufungua na nini kifanyike mtu akitaka kitabu fulani kitolewe rafuni. Kuchagua kitabu kimoja kimoja sio kazi yao, ni ya wakutubi. Na mjumbe mmoja peke yake hana amri kwa mfanyakazi yeyote, amri ni ya bodi ikishakaa na kupiga kura. (Sio kote iko hivi, kuna sehemu bodi inashauri tu, kwa hiyo ulizia kwenu.) Hapo nikaelewa kwa nini malalamiko yangu ya kaunta hayakufika popote!

Alinionyesha pia Ilani ya maktaba za umma ya IFLA (shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba) na UNESCO, ya 1994 na hii mpya ya 2022, zote zinasema kimsingi maktaba ya umma iwe bure. Mstari huo kaupigia kalamu nyekundu, anasema kila faini ikijadiliwa anausoma kwa sauti.

Faini za watoto zimewekwa kwenye ajenda ya kikao kijacho na safari hii mwanangu nakuja naye. Ombi langu kwako Mhariri, chapisheni majina ya wajumbe na tarehe za vikao, hata kwenye kona ndogo tu, maana vile viti vitupu vimeniuma sana.

Ni mimi mzazi,
msomaji wako wa siku nyingi