Chokaa ya kale haipimwi kwa asidi peke yake

Mhariri,

Kabla ya kukarabati ukuta wa kale, wengi huyeyusha kipande cha chokaa iliyounganisha mawe katika asidi hidrokloriki iliyozimuliwa, kisha hupima mchanga uliobaki ili kujua uwiano wa chokaa na mchanga. Njia ni rahisi, ila hudanganya pale fundi alipochanganya vipande vya matumbawe, kombe au mawe ya chokaa. Navyo ni kalsiamu kaboneti, hivyo huyeyuka pamoja na chokaa yenyewe, na hesabu huonyesha chokaa nyingi kuliko iliyotiwa.

Sampuli nyingine ijazwe gundi ya epoksi, isagwe hadi unene wa milimita 0.03, kisha itazamwe kwa hadubini. Hapo kombe huonekana wazi, hata mabonge ya chokaa yasiyochanganyika vizuri. Sampuli ichimbuliwe ndani ya kiungo kati ya mawe, si usoni palipoliwa na mvua, wala kwenye kiraka cha baadaye (kosa la kawaida mno).

Na atakayekimbilia saruji kwa kukosa vipimo ajue hivi: hufungia unyevu ukutani, chumvi hujikusanya ndani ya mawe, na nyuso zake hubanduka.

Mhifadhi wa majengo ya kale