Rajabu, hilo si jambo la kuamini

Ndugu yangu Rajabu,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, ila mvua imetuchosha.

Video yako nimeitazama. Ni ile iliyorekodiwa na ndege ya jeshi la majini la Marekani mwaka 2015, kidoa cheupe kinaonekana kupita kasi karibu kabisa na mawimbi ya bahari na marubani wanashangilia. Ukaniuliza, "Mzee, hivi vitu vya angani visivyojulikana, unaamini au huamini?" Swali hilo ndilo linalonikera. Kitu cha kupima, imani ya nini?

Na kile kimepimwa. Mwaka 2022 NASA iliunda jopo la watu 16 chini ya David Spergel, mtaalamu wa fizikia ya anga, na ripoti ikatoka Septemba 2023. Walichukua namba zilizo pembeni mwa video hiyohiyo: ndege iko juu kiasi gani, kamera imeinama vipi, kitu kiko umbali gani. Hesabu za pembetatu tu, zile tulizokuwa tukizitoroka shuleni. Jibu: kitu hakigusi mawimbi hata kidogo, kiko karibu mita 4,000 juu ya bahari, na mwendo wake ni kama kilomita 64 kwa saa. Hata puto linalosukumwa na upepo linaweza kwenda hivyo. Mbio tunazoziona nyingi ni za ndege iliyobeba kamera.

Najua utasema, basi, si ndiyo nilivyokwambia, upuuzi mtupu! Hapana. Isingekuwa hizo namba tungekuwa tunabishana mpaka leo. Visa vingi havina hata moja, vina maneno ya mtu na picha yenye ukungu.

Na maneno ya watu nayo si ya kutupa. Kwa miaka mingi marubani walisimulia miali inayochomoza juu ya mawingu ya radi kuelekea angani, na wataalamu wengi hawakuwajali. Mwaka 1989 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walikuwa wakijaribu kamera ya mwanga hafifu, wakainasa kwa bahati tu. Leo inapigwa picha hata kutoka kituo cha anga za juu.

Zamani zaidi, mtu aliyesema mawe yanaanguka kutoka mbinguni alichekwa na wasomi wa Ulaya. Aprili 1803 mawe yakamwagika karibu na mji wa L'Aigle, Ufaransa, na serikali ikamtuma kijana Jean-Baptiste Biot. Mbinu yake naipenda sana. Alianza kuuliza mbali na mji, akahoji watu wa kazi mbalimbali wasiojuana, kisha akachora eneo mawe yalipodondoka. Likatoka umbo la yai refu, na hakuna mgodi wala kiwanda cha jirani chenye mawe ya aina ile. Ubishi ukaanza kuisha. Sasa watoto wa shule wanapelekwa Mbozi kupiga picha na kimondo.

Wafaransa hao hao, tangu 1977, wana ofisi ndogo ndani ya shirika lao la anga, kule Toulouse. Askari wanachukua maelezo ya mashahidi, wataalamu wanachambua, majalada yako wazi kwa kila mtu. Mengi yanaishia kuwa satelaiti, puto, au Zuhura. Machache yanabaki bila jibu, na yanaandikwa hivyohivyo. Kwangu huo ndio uungwana wa sayansi. Wageni wa sayari nyingine siwatarajii, nikilazimishwa kubeti nitabeti puto. Lakini inaniudhi kwamba hata wajumbe wa lile jopo la NASA, wengine walitukanwa mitandaoni kwa kukubali tu kuchunguza.

Kwa hiyo ile taa uliyoiona mwezi wa Ramadhani ukiwa baharini, ikirudi, andika saa kamili, upande, na iko ngumi ngapi juu ya upeo, mkono ukiwa umenyooshwa. Ukipiga picha usiivute karibu, acha mlingoti uonekane. Nitumie hiyo, achana na video za kuokota.

Shemeji nisalimie, na ile nguru uliyoniahidi sijaisahau.

Wako,
Hamisi