Barua ya wazi kwa vijana wa vita vya maji hapa Iringa

Wanangu wa Kihesa, Mlandege na Gangilonga,

Kamwene. Nimewatazama mkicheza vita vya bunduki za maji wakati wa likizo, nami nawaandikia juu ya jambo moja tu, nalo ni upelelezi. Timu zenu hazishindwi kwa kukosa maji wala mbio. Zinashindwa kwa sababu yule mnayemtuma mbele kutazama humwona mpinzani wa kwanza, akasahau alichotumwa, akaanza kurusha, kisha akarudi ameloa chepechepe bila habari yoyote.

Mpelelezi asibebe bunduki kubwa. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na tangi lililojaa nusu hupiga kelele kila anapoinama. Zile bunduki za kupampu, ambazo asili yake ni ubunifu wa mhandisi Mmarekani Lonnie Johnson na ambazo zilianza kuuzwa mwaka 1990, husikika zinapopampiwa, kwa hiyo atakayebeba hata ndogo aipampu kabla hajaondoka. Jezi nyekundu ya Simba na ya njano ya Yanga zibaki nyumbani pia, hata kama mtanuna, kwa maana katika majani makavu ya Julai zote mbili huonekana kutoka mbali.

Watumeni wawili. Mmoja atazame mbele, mwenzake alinde ubavu na njia ya kurudia, ili mmoja akinaswa habari isipotee pamoja naye. Wakipanda kwenye mwamba, wasisimame juu yake ambapo kivuli cha mwili hujichora dhidi ya anga. Walale kifudifudi na kuchungulia kwa ubavuni. Chini ya mikaratusi waende polepole, kwani magome na majani makavu hulia yakikanyagwa. Jioni wachague upande ambao jua liko mgongoni mwao na usoni mwa wapinzani.

Sasa, watazame nini? Hapa ndipo wengi wenu mnapopotea, kwa kuhesabu watu na kuacha bomba. Timu ya maji haiendi mbali na mahali inapojazia, na kila mchezaji, hata awe hodari namna gani, lazima arudi hapo akiwa mikono mitupu. Mpelelezi aliyegundua bomba, ndoo au pipa lao, na njia wanayopita kulifikia, amewafaa kuliko aliyelowesha watatu. Akirudi aseme ni wangapi, wako wapi, wanaelekea wapi na aliwaona lini. Kusema "wako wengi kule" si habari. Mkumbuke kwamba tarehe 17 Agosti 1891, kule Lugalo, kikosi cha Wajerumani cha Emil von Zelewski kilikuwa kikisafiri kwa mstari mrefu kilipovamiwa na Wahehe waliokuwa wamejificha kando ya njia. Ile ilikuwa vita ya damu na silinganishi nayo mchezo wenu, ila kutembea bila kujua kilichomo vichakani ni kosa lilelile.

Kabla ya kuanza, kubalianeni na wapinzani kama mpelelezi aliyeloweshwa anatoka mchezoni au anaruhusiwa kurudi kimya, maana ugomvi wenu mwingi huzuka hapo. Na kwa kuwa Juni na Julai baridi yetu haina huruma, aliyelala kwenye umande apewe sweta kavu huku akiulizwa alichokiona.

Ni mimi mzee wenu,
Gangilonga, Iringa