Kwa maofisa utumishi wa kampuni kubwa: gawanyeni kwa 195

Wanangu,

Mnalalamika kwamba mhasibu wa daraja lenu anawazidi mshahara, na kwenye kikao cha menejimenti nyie mnaitwa kuandika muhtasari. Mna haki ya kulalamika. Lakini mhasibu huingia kikaoni na hesabu, nyie mnaingia na mafaili ya likizo.

Chukueni mfano wa saa za ziada. Mtu ana mshahara wa msingi wa 780,000 kwa mwezi na anafanya kazi saa 45 kwa wiki. Kwa kanuni ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, unagawa kwa 4.333, wastani wa wiki katika mwezi, kupata mshahara wa wiki, kisha kwa 45. Kwa mkato, kwa 195. Saa moja ni 4,000, na ya ziada, mara moja na nusu, ni 6,000. Sasa fungueni fomula ya mishahara pale kazini. Kama inagawa kwa 240, yaani siku 30 mara saa 8, basi saa ya ziada inatoka 4,875. Mtu kapunjwa 1,125. Wakiwa 300, kila mmoja na saa 40 za ziada, deni ni shilingi 13,500,000 kila mwezi, limelala kimya mpaka mmoja aende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi na wenzake wamfuate.

Aliyeligundua deni hilo aliandike: fomula ya zamani, mpya, tofauti, tarehe. Hiyo ndiyo karatasi ya kuombea daraja.

Jambo la pili linaniudhi zaidi. Tathmini ya kazi, yaani kuipa kila nafasi alama ili ipangiwe daraja, mnaiendesha nyie, halafu maelezo ya kazi yenu wenyewe yanasema “kutunza kumbukumbu na kuandaa barua”. Alama zinafuata maamuzi na fedha, kwa hiyo mtapataje daraja la juu? Andikeni mnachofanya: kuandaa orodha ya mishahara ya watu wangapi, ya kiasi gani kwa mwezi, na kusimamia mashauri ya nidhamu.

Mishahara ya wenzenu mnaijua yote. Msiitaje kamwe mkidai wa kwenu. Ni siri ya ofisi, na ukiitoa umempa mwajiri kosa la kukufukuzia. Tumieni viwango vya madaraja vya kampuni.

Ombi liwe ukurasa mmoja, hesabu juu, na limfikie mkurugenzi kabla bajeti haijafungwa.